Wanawake Waliosoma Mawe

Katika nchi za Shinyanga na Geita hakuna mtoto asiyejua ya kuwa ardhi huficha mali. Huko Geita dhahabu ilichimbwa tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na hata leo wako wachimbaji wakubwa wenye mitambo, na wachimbaji wadogo wenye sululu, nyundo na karai. Huko Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, Dakta John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na machimbo yale yakajulikana duniani kote. Basi wenyeji wa nchi hizi wamezoea kuinama na kutazama mawe. Jiwe lenye alama ya dhahabu huwekwa kando. Jiwe lisilo na kitu hutupwa kifusini.

Tena wenyeji wanajua jambo jingine. Katika machimbo mengi ya wachimbaji wadogo ulikuwapo mwiko wa zamani, kwamba mwanamke asishuke shimoni, kwa kuwa watu waliogopa dhahabu itapotea. Wanawake walikaa juu, wakaponda mawe, wakachekecha, wakaosha mchanga. Kazi yao ilikuwa nzito, na bila kazi hiyo dhahabu isingalitoka katika jiwe. Lakini mara nyingi aliyetajwa kuwa mwenye shimo alikuwa mwanamume.

Katika somo hili tutasoma habari za wanawake waliotafuta, si dhahabu, bali mifupa ya kale iliyogeuka kuwa mawe. Nao pia waliukuta mwiko kama ule. Vyama vya wenye elimu viliwafungia mlango, na vitabu mara nyingi viliacha kuyataja majina yao. Basi walipataje ujuzi, nao hawakuruhusiwa kuingia mahali ulipofundishwa? Wengi wao waliupata kwa sababu mwanamke mwingine aliwashika mkono.

1. Mfupa ugeukavyo jiwe

Huenda mtu akauliza, “Mfupa wawezaje kuwa jiwe?” Jambo hili si uchawi, wala si kazi ya siku moja. Fikiri habari ya samaki aliyekufa ziwani. Akitupwa mahali pa wazi, ndege na wadudu watamla, na jua litaivunja mifupa yake hata isionekane tena. Lakini akizama chini na kufunikwa upesi na tope laini, hapo hewa haimfikii, wala mnyama hamfikii. Nyama yake huoza, mifupa hubaki. Mwaka baada ya mwaka tope jipya huanguka juu ya lile la zamani, hata uzito wake hulifanya la chini kuwa gumu kama mwamba. Maji yapenyayo kidogo kidogo huchukua madini yaliyoyeyuka, nayo huyaacha katika vitundu vya mfupa. Hivyo mfupa huwa jiwe, lakini umbo lake halipotei.

Kitu cha namna hii, kikiwa mfupa, au jino, au jani, au hata unyayo, huitwa kisukuku. Vikiwa vingi huitwa visukuku. Nchi yetu ina visukuku vingi. Huko Tendaguru, katika nchi ya Lindi, ilichimbwa mifupa ya dinosaria wakubwa kuliko tembo yeyote, na mingi ikapelekwa Berlin kati ya mwaka 1909 na 1913.

Lakini kisukuku hakitafutwi kama dhahabu. Dhahabu ikipondwa bado ni dhahabu. Kisukuku kikipondwa ni changarawe tu. Kwa hiyo mtafutaji yampasa awe na macho makali, mkono mwepesi, na saburi. Tena yampasa aandike mahali alipokiona na tabaka la mwamba lililokishika, maana kisukuku kilichoondolewa mahali pake pasipo kuandikwa ni kama ukurasa uliochanwa katika kitabu.

2. Marafiki wawili wa Lyme Regis

Katika pwani ya kusini ya Uingereza uko mji mdogo uitwao Lyme Regis. Kando ya mji huo yako majabali marefu, na kila mwaka mvua na mawimbi huyabomoa. Jabali likianguka, visukuku hutokeza. Katika mji huo alizaliwa Mary Anning, tarehe 21 Mei 1799. Baba yake alikuwa seremala, naye alizoea kuwachukua watoto wake pwani kuokota visukuku ili wawauzie wageni. Mwaka 1810 baba akafa, akaacha deni, na jamaa yake wakawa katika umaskini mkubwa. Tangu hapo kuokota visukuku hakukuwa mchezo tena, kulikuwa ndiko kupata chakula.

Mwaka 1811 Joseph, kaka yake Mary, aliona fuvu kubwa la mnyama asiyejulikana. Mary akaendelea kutafuta, hata mwaka uliofuata akaona mifupa mingine ya mwili wake. Alikuwa mnyama wa bahari mwenye umbo la samaki na taya ndefu zenye meno mengi. Wenye elimu wakamwita ikthiosauri. Wakati ule Mary alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi.

Katika mji ule ule alikaa Bibi Elizabeth Philpot pamoja na dada zake, Mary na Margaret. Walikuwa wamehamia huko mwaka 1805. Hawakuwa matajiri sana, lakini walikuwa na nyumba nzuri na fedha za kuwatosha, wala hakuna aliyeolewa. Elizabeth alimpita Mary Anning kwa miaka kama ishirini. Kwa desturi ya Uingereza ya siku zile, bibi wa nyumba kama ile hakutazamiwa kukanyaga matope pamoja na binti wa seremala. Lakini Elizabeth alipenda visukuku, hasa vya samaki, naye akatambua ya kuwa mtoto yule ana jicho ambalo watu wazima hawakuwa nalo. Basi wakawa marafiki, wakatoka pamoja bahari ikipwa, wakitafuta chini ya majabali.

Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenziwe hakuwa nacho. Mary aliijua pwani ile, kila jabali na kila tabaka. Elizabeth alikuwa na vitabu, na watu wakubwa wa kuandikiana barua. Akamhimiza Mary asome elimu ya miamba, ili asiishie kuokota na kuuza, bali afahamu kile alichokiokota. Mary akasoma. Tena akapasua samaki wa siku zile, akazitazama sehemu za ndani, apate kufahamu zile za samaki wa mawe.

Siku moja jambo hili lilizaa ajabu. Yuko mnyama wa kale aitwaye belemniti, jamaa ya ngisi anayevuliwa na wavuvi wa pwani yetu. Mary aliona ndani ya visukuku vya belemniti kifuko kilichokauka, akatambua ya kuwa ni kifuko cha wino, kama kile cha ngisi wa leo. Elizabeth akachukua wino ule mkavu, akautia maji, nao ukawa wino tena! Mwaka 1833 akachora kwa wino ule picha ya fuvu la ikthiosauri, akaipeleka kwa Bibi Mary Buckland, aliyekuwa mchoraji wa visukuku naye, mke wa mwalimu wa elimu ya miamba huko Oxford. Hivyo mnyama aliyekufa zamani sana alichorwa kwa wino wa mnyama mwenziwe wa bahari ile ile.

Kazi ile ilikuwa ya hatari, na mchimbaji wa Geita aijuaye hatari ya kifusi ataielewa. Mwaka ule ule wa 1833 jabali liliporomoka ghafula, likamwua mbwa wa Mary aliyeitwa Tray, naye Mary akaponea chupuchupu. Lakini hakuacha kazi.

3. Majina yaliyoachwa, na majina yaliyoandikwa

Mwishoni mwa mwaka 1823 Mary Anning aliona mifupa kamili ya mnyama mwingine wa bahari, mwenye shingo ndefu na mapezi manne, aitwaye plesiosauri. Mwaka 1824 habari za mnyama yule zikasomwa mbele ya Chama cha Elimu ya Miamba huko London. Aliyezisoma alikuwa mtaalamu William Conybeare. Mary hakuwapo, kwa maana wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama, wala hawakualikwa kama wageni. Na katika maneno yale yote jina la aliyemwona mnyama halikutajwa.

Chama kile kilianzishwa mwaka 1807. Wanawake wa kwanza walipokewa kuwa wanachama mwaka 1919. Hesabu mwenyewe, utaona ni miaka 112.

Lakini mwaka 1834 alifika Lyme Regis mtaalamu wa samaki wa kale, Louis Agassiz, mtu wa nchi ya Uswisi. Mary na Elizabeth wakamwonyesha visukuku vyao, wakamwambia pezi hili ni la papa wa namna hii, na pezi lile ni la papa wa namna ile, wala hawakukisia. Agassiz alistaajabu, akawashukuru wote wawili katika kitabu chake. Tena akawapa samaki wa kale majina yao: wawili wakaitwa kwa jina la Anning, na mmoja kwa jina la Philpot. Basi majina ya binti wa seremala na ya bibi mwenye nyumba yakaandikwa katika kitabu kimoja.

Mary Anning alikufa tarehe 9 Machi 1847, naye hajatimiza miaka 48. Elizabeth aliishi mpaka mwaka 1857. Visukuku vya Elizabeth na dada zake vikapelekwa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1880, navyo vinahifadhiwa huko. Wataalamu wengi wamevisoma tangu siku zile, maana havikutupwa wala kutawanyika.

4. Wale waliofuata

Miaka ikapita, lakini mlango ulifunguka polepole. Mwaka 1898 msichana wa miaka kumi na tisa, Dorothea Bate, alikwenda katika Makumbusho ya Viumbe huko London, akaomba kazi. Akapewa kazi ya kupanga ngozi za ndege, na baadaye ya kutengeneza visukuku, lakini hakuandikwa kuwa mfanyakazi wa kudumu. Alilipwa kwa kadiri ya vitu alivyovimaliza. Hata hivyo akawa mjuzi mkubwa wa mifupa ya kale. Katika miaka ya 1930 yeye na Elinor Gardner, mtaalamu wa miamba, walichimba pamoja karibu na Bethlehemu, wakatoa mifupa ya tembo wa kale. Naam, Bethlehemu ile ile isomwayo katika Injili.

Elinor Gardner naye alikuwa na rafiki mwingine wa kazi, Gertrude Caton-Thompson. Wawili hawa walisafiri katika jangwa la Misri, wakakaa katika mahema, wakasoma habari za ziwa la zamani la Fayum na wakulima wa kwanza waliokaa kando yake. Mwaka 1929 Gertrude alikwenda Zimbabwe, kuchimba katika maboma makuu ya mawe, pamoja na wanawake wenzake wawili. Watu wengi wa Ulaya walikuwa wakisema kwamba maboma yale hayakujengwa na Waafrika. Gertrude alichimba, akapima, akasema wazi ya kuwa ni kazi ya Waafrika wenyewe. Wengine walikasirika, lakini hakuyafuta maneno yake, na leo wataalamu wote wanayakubali.

Katika Mlima Karmeli, kati ya mwaka 1929 na 1934, Dorothy Garrod alichimba mapango ya watu wa kale, naye Dorothea Bate akaichambua mifupa ya wanyama. Wengi wa wachimbaji wao walikuwa wanawake wa vijiji vya jirani. Mmoja wao aliitwa Yusra. Mwaka 1932, alipokuwa akichambua udongo, jicho lake liliona jino, na jino lile likawaongoza kwenye fuvu la mwanamke wa kale sana. Mwaka 1937 kilitoka kitabu cha kazi ile, na juu yake yaliandikwa majina mawili, Garrod na Bate. Mwaka 1939 Dorothy Garrod akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Lakini jina la Yusra halikuwako juu ya jalada. Haya tuyakumbuke, ili tusidhani ya kuwa aliyefungiwa mlango hawezi kamwe kumsahau mwenziwe aliye nje zaidi.

5. Mary Nicol aja Tanganyika

Sasa tuje katika nchi yetu. Tarehe 6 Februari 1913 alizaliwa London msichana aitwaye Mary Nicol. Baba yake alikuwa mchoraji, naye alimchukua mtoto huko Ufaransa kutazama mapango yenye michoro ya watu wa kale. Mwaka 1926 baba akafa. Mary hakupatana na shule. Shule mbili zilimfukuza, wala hakupata cheti cha kumwingiza katika chuo kikuu. Lakini alikuwa na karama moja: aliweza kuchora jiwe hata mtu akitazama picha adhani atalishika.

Mwanamke wa kwanza kuitambua karama ile alikuwa Dorothy Liddell, aliyekuwa akichimba kilima cha kale kiitwacho Hembury, si mbali na Lyme Regis ya Mary Anning. Akamchukua Mary, akamfundisha kuchimba kwa uangalifu, akampa kazi ya kuchora zana za mawe. Michoro ile ikafika machoni pa Gertrude Caton-Thompson. Gertrude hakumwuliza msichana cheti. Alimwomba achore zana za mawe za Fayum kwa ajili ya kitabu chake. Tena mwaka 1933, katika karamu ya wenye elimu huko London, akamkalisha karibu na Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete katika nchi ya Kenya, na ambaye naye alihitaji mchoraji. Hivyo karama ya Mary ilipita mikononi mwa wanawake wawili, na mikono ile ikamleta Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1935 Mary akafika Tanganyika, akaliona Bonde la Olduvai kwa mara ya kwanza. Mwaka 1936 aliolewa na Louis Leakey, na tangu hapo akajulikana kwa jina la Mary Leakey. Kwa miaka mingi walifanya kazi na fedha kidogo, katika jua na vumbi, maji yakiwa machache.

Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary aliona fuvu la mnyama jamaa ya nyani wakubwa aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita, aitwaye Prokonsuli. Kisiwa hicho kimo katika Ziwa Viktoria, upande wa Kenya. Mvuvi wa Geita atupaye wavu wake asubuhi na mtu wa Rusinga wanakunywa maji ya ziwa moja.

Hata asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, Louis alikuwa mgonjwa kambini Olduvai. Mary akatoka pamoja na mbwa wake wawili, akaenda katika korongo lililoitwa kwa jina la mwanamke mwingine aliyefika mahali pale kabla yake, yaani Korongo la Frida Leakey. Wataalamu wa ulimwengu wote hulitumia neno hili letu “korongo” mpaka leo, wanapotaja mahali pale. Mary akainama, akaona kipande cha mfupa kikitokeza udongoni. Akaupangusa udongo, akaona meno mawili makubwa katika taya. Akarudi mbio kambini kumwita mumewe, naye Louis akasahau homa yake. Wakakusanya vipande kama 400, na Mary akaviunganisha kimoja kimoja, hata fuvu likasimama. Lilikuwa la kiumbe jamaa ya mwanadamu aliyeishi miaka 1,750,000 iliyopita. Wakamwita Zinjanthropus, kwa jina la Zinj, ambalo Waarabu wa zamani waliliita pwani yetu.

Mwezi wa Agosti mwaka ule habari zilitangazwa katika gazeti la elimu huko Uingereza. Juu yake palikuwa na jina moja tu la mwandishi, na jina lile lilikuwa la Louis. Lakini Mary hakugombana. Aliendelea na kazi. Mwaka 1971 alitoa kitabu kikubwa cha Olduvai chenye jina lake mwenyewe, na ndani yake kila jiwe na kila mfupa umeandikwa mahali pake. Na fuvu lile lilirudishwa Tanzania mwaka 1965, likawekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Mwaka 1978, Louis akiwa amekwisha kufa tangu 1972, Mary aliongoza kazi huko Laetoli, kusini ya Olduvai. Huko majivu ya volkano yalianguka zamani, yakanyeshewa mvua, na viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita juu yake. Majivu yakakauka kama saruji. Paul Abell aliona alama ya kisigino. Kisha Ndibo Mbuika, mchimbaji hodari, akafunua nyayo nyingine zilizofuata. Hatimaye ukaonekana mstari wa nyayo wenye urefu wa mita 27 hivi, na umri wake ni miaka kama milioni tatu na nusu na zaidi. Wapitaji wale hawakwenda peke yao, maana nyayo ndogo zafuatana na nyayo kubwa. Mary Leakey alikufa Nairobi tarehe 9 Desemba 1996.

6. Ziwa lililokuwa jirani

Msomaji wa Shinyanga aweza kusema, “Olduvai ni mbali.” Basi asikie habari za mahali palipo karibu zaidi. Almasi ya Mwadui haikuzaliwa juu ya ardhi. Zamani moto wa chini uliupasua mwamba, ukapanda juu kwa nguvu kupitia tundu kama bomba, ukileta mawe ya kilindini, na almasi ndani yake. Bomba la namna hii likiisha kutulia, huacha shimo juu yake, na shimo hilo laweza kujaa maji na kuwa ziwa.

Ndivyo ilivyokuwa Mahenge, magharibi ya mji wa Singida. (Mahenge hii si ile ya Morogoro.) Katika miaka ya 1930 watafutaji wa almasi walikuta huko samaki wa mawe. Ziwa lile lilikuwa na tope laini sana, likahifadhi samaki, vyura, majani na maganda ya mbegu kwa miaka milioni 46. Mwaka 1996 wachunguzi walirudi kuchimba, na kati ya wale waliovisoma visukuku vile walikuwamo wanawake kadhaa. Alison Murray aliwachambua samaki jamaa ya sato na perege tuwalao, akawaita Mahengechromis mwaka 2000. Mwaka ule ule Bonnie Jacobs na mwenziwe waliandika habari za majani na maganda ya miti ya jamaa ya mikunde. Ana María Báez wa Argentina na mwenziwe wakampa chura jina la Singidella mwaka 2005. Jina la nchi yetu limekaa sasa katika vitabu vya elimu, na majina ya wanawake walioliandika yako wazi karibu yake.

Tena leo wako wanawake wa Tanzania wenyewe. Agness Gidna, mtaalamu wa mifupa ya kale, alifanya kazi katika Makumbusho ya Taifa na kuchunguza mifupa ya Olduvai. Mwaka 2018 zilichapishwa habari za Luxmanda, mkoani Manyara, mahali walipokaa wafugaji wa kale miaka kama 3,000 iliyopita. Kati ya majina yaliyoandikwa juu yake ni Katherine Grillo, Mary Prendergast na Agness Gidna. Wala hakuna aliyeachwa nje ya mlango.

Basi, wanafunzi, mkitembea kando ya mto au ya shimo la zamani, nanyi mkaona jiwe lenye umbo la jino, au la mfupa, au la samaki, msilipige nyundo, wala msilitie mfukoni. Liacheni mahali pake. Andikeni mahali lilipo na siku mliyoliona, mkampe habari mwalimu, naye atazipeleka kwa wakuu wa mambo ya kale. Na kama ni mwenzako aliyeliona kwanza, awe mvulana au msichana, mwenye viatu au asiye na viatu, andika jina lake kabla ya jina lako.